Kaburi la Juu ya Kisima

Mama yangu, Evarista, alimwombea Patrisi kila jioni kwa miaka miwili. Kama sala zingekuwa na uzito, lile kaburi lingedidimia likatokea ng'ambo ya dunia. Patrisi hakuwa ndugu yetu, wala hakuwa mtu wa kijiji chetu cha Kansay. Alikuwa mlinzi wa duka la shemeji yangu kule Karatu, mtu wa Singida ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumtia machoni, na tulipomfahamu alikuwa ameshafukiwa kwenye shamba letu.

Nianze na shemeji mwenyewe. Melkizedek ni Mchaga wa Kibosho aliyekuja Karatu kuuza chumvi na sabuni, akaishia kumwoa dada yangu Leonida. Wateja walimwita Mangi. Mimi nilimwita shemeji nikiwa na shida ya sukari, na siku nyingine nilimwita kama walivyomwita wengine. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye akikuamkia tu, unajikuta umeshanunua kitu. Lakini kwa mama alikuwa mkwe wa kupigiwa mfano: haketi mpaka aambiwe, hamtazami usoni, hafiki mikono mitupu. Mama alimsifia kila mahali mpaka nikawa nasikia kichefuchefu.

Mwaka wa 1983 serikali ilitangaza vita dhidi ya walanguzi. Redio iliunguruma kuwa wote walioficha bidhaa watakamatwa, na Karatu ikaingiwa na homa. Watu waliokuwa wakituambia "hamna, mama, mali haijafika" walianza kutupa mali hiyo hiyo isiyofika. Sukari ilimwagwa mtoni. Mbuzi wa jirani yetu Tluway walikutwa porini wakitafuna kitenge kipya ambacho mke wa Tluway hajawahi kumiliki maishani mwake. Sisi wa Kansay tuliumia sana, kwa sababu hatukuwa na kitu chochote cha kuficha.

Ilipofika Jumapili ya Matawi, kijiji kizima kilikuwa kanisani. Tuliporudi na matawi yetu mkononi, tulikuta pikapu ya Melkizedek imesimama juu ya shamba letu, vijana wawili wamelowa jasho, na yeye mwenyewe kavua kofia mbele ya kifusi kibichi chenye msalaba wa mbao za kreti.

"Mama mkwe," alisema, macho chini, "nimefiwa."

Alieleza kuwa mlinzi wake amefariki kwa malaria, hana ndugu, na kwamba mjini siku zile hata kuzika kulihitaji kibali, askari wamejaa kila kona. Akakumbuka kuwa ana mama huku Kansay.

"Mbona hukutungoja tutoke kanisani?" aliuliza mama.

"Niliona nisiwasumbue mkiwa ibadani."

"Na nani amemsalia?"

"Mimi mwenyewe, mama. Kwa kifupi."

"Jina lake nani?"

Shemeji aliangalia mawinguni kidogo. "Patrisi," alisema.

Mama alilaza tawi lake juu ya kaburi, akapiga magoti, kisha akarudi nyumbani kuchinja kuku, kwa kuwa haiwezekani mtu azikwe kwako watu waondoke na njaa. Melkizedek alikula vizuri kwa mtu aliyefiwa. Tangu siku hiyo Patrisi akawa wa mama. Alimpalilia, alimpandia maua, na kila tarehe mbili Novemba alimtolea nia ya misa, jina lake likisomwa kanisani baada ya jina la baba yangu. Mimi nilimwambia kuwa huyo Patrisi sasa anatunzwa kuliko mimi. Akasema mimi nina mdomo wa kujitetea, yeye hana.

Sasa niwaambie habari ya kisima, kwa kuwa hicho ndicho kilichoumiza. Baba yangu, Josephati, alikichimba kabla hajafa, chini ya shamba letu, na kwa mteremko ule wote ndicho pekee ambacho hakikukauka Oktoba. Baba alipofariki, shemeji zake mama walitaka ahame awaachie eneo. Kisima kikamtetea. Wanawake wote wa upande wetu walikuja kuteka kwake, na mwanamke aliyeteka kwako wiki nzima hawezi kukuacha upalilie maharage peke yako. Mama hakuwa na mume wala mtoto wa kiume. Alikuwa na kisima, na kwa sababu ya kisima alikuwa na watu.

Masika ya mwaka wa 1985 yalikuwa makubwa. Mvua ilipopungua, mama aliteremsha kikombe cha chai akakunja uso.

"Cresensia, chai hii ina taa ndani yake."

Nililaumu dumu. Wakati ule dumu moja lilibeba mafuta leo na maji kesho, na sote tulishazoea kunywa kidogo kila kitu. Nikasugua dumu kwa mchanga na majivu. Chai ikazidi. Nilipoinama kisimani nikaona rangi juu ya maji, bluu na zambarau na njano, zikizunguka polepole. Nilizipenda kabla sijafikiri.

Mwenyekiti wa kijiji, Yohani, alipoziona alivua kofia.

"Mafuta," alisema kwa sauti ya mtu anayepokea komunyo. "Ndugu wananchi, Kansay ina mafuta!"

Inabidi mkumbuke hali ilivyokuwa. Mafuta ya taa hayakuonekana dukani tangu mwaka uliopita, na watu walikuwa wakila chakula cha jioni saa kumi na moja ili waone wanachotia mdomoni. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza maswali mengi. Walikuja na vijiko, na manyoya ya kuku, na vitambaa vya kunyonya na kukamulia koroboini. Taa zikawaka Kansay. Yohani alitoa hotuba juu ya visima vyetu vya mafuta, kwa wingi, wakati kilikuwa kimoja. Katekista Piusi alisema Mungu hawasahau wajane, akajaza chupa ya altareni na nyingine ya kwake. Mama alivishwa kilemba cha ukoka kila asubuhi na akakivaa kwa raha zake.

Na maji wakaendelea kuyanywa. Waliengua juu kwa ajili ya taa, wakateka chini kwa ajili ya ugali. Ukiniuliza kwa nini, nitakuuliza wewe ungeteka wapi.

Halafu ng'ombe wa Tluway akatupa mimba. Ndama wake wawili wakaharisha wakafa. Watoto wakaanza kutapika, na mama mwenyewe akawa anajishika tumbo akidhani sioni. Tluway alikuwa mzee mwenye ng'ombe wengi na subira kidogo. Alikuja na wazee wenzake, wakasimama mbali na mlango wetu, na hapo ndipo nilipojua kuwa kuna jambo.

"Kwenye shamba hili kulizikwa mtu," alisema Tluway. "Nani alimkalia?"

Kwetu Wairaqw kifo kikigusa nyumba, watu wa nyumba hiyo hukaa kando kwa muda. Hawateki na wenzao, hawaingii nyumba za watu, mifugo yao hailishwi na ya wengine. Tunaita metimani. Mama hakukaa. Patrisi hakuwa wake, basi siku ile ile alipika, akagawa chakula, na jioni akateka maji pamoja na wanawake wote.

"Maiti haikukaliwa," alisema Tluway. "Uchafu wake umeshuka ukaingia majini. Mama Cresensia, hatukuchukii. Lakini utakaa sasa, mpaka tujue la kufanya."

Nilimgeukia Katekista Piusi, aliyekuwa nyuma yao, nikitegemea aseme kuwa huo ni upagani, kama alivyosema kila Jumapili kwa sauti kubwa. Piusi alikohoa. Akasema Kanisa linaheshimu busara za wazee, na kwamba mama anaweza kusali vizuri tu akiwa nyumbani. Nadhani chupa yake ilikuwa bado imejaa.

Wakaburuta tawi la miiba wakaliweka kwenye njia ya kwetu.

Kilichonikasirisha si tawi. Kilichonikasirisha ni kwamba mama alitii. Alikubali kabisa kuwa kosa ni lake. "Sikumlilia vya kutosha," aliniambia. "Mtoto wa watu kafa ugenini, mimi nikakimbilia kuchinja kuku." Maharage yalikauka shambani na hakuna mwanamke aliyekuja kutusaidia kung'oa. Mimi na yeye tuling'oa peke yetu, na tulikunywa maji ya korongo pamoja na nyani, tukizunguka porini ili tusikutane na mtu. Waliopita kwa mbali walimpungia mkono. Jioni alipanda kaburini akasali zaidi kuliko zamani, na sasa sala zote zilikuwa za kumwomba Patrisi msamaha. Alikonda. Nilianza kuhesabu mifupa ya mgongo wake kupitia gauni, nikaacha.

Nikavunja metimani nikaenda Karatu kwa miguu.

Melkizedek alinisikiliza akiwa nyuma ya kaunta. Nilipofika kwenye rangi juu ya maji, aliacha kupima chumvi. Nilipofika kwenye mama, aliketi. Nilipomwambia kuwa Tluway sasa anataka Patrisi afukuliwe apelekwe mbali na maji, alisimama tena.

"Shemeji! Wafu hawasumbuliwi! Ni dhambi!"

Huyu ni mtu ambaye hutafuna karanga wakati wa mageuzo, padre akiinua hostia. Nilimtazama. Akaendelea kuwa atalipia misa, tena misa ya kuimbwa, na kwamba ataleta saruji alijengee kaburi vizuri, lifunikwe kabisa, lisipitishe kitu. Saruji! Shule ya Kansay ilikuwa inaingoja saruji mpaka darasa la kwanza limefika la nne.

Nilirudi barabarani. Sikuwa mjinga. Mtu haogopi kaburi kiasi kile bila sababu, na sababu niliyoiona mimi ilikuwa moja tu: Melkizedek alimuua mlinzi wake. Nikawaza kuhusu dada yangu anayelala naye kitanda kimoja. Nikawaza kuhusu mama anayemwomba marehemu msamaha kwa niaba ya muuaji asiyemjua.

Polisi niliwaogopa. Lakini kwenye nyumba ya wageni ya Karatu kulikuwa na mtaalamu wa maji kutoka Mbulu, Eliamani, mtu wa Arusha mwenye kalamu tatu mfukoni na Landrova ya serikali isiyo na dizeli. Alikuwa amekwama pale akingoja mgao. Nilimwambia kisima chetu kinatoa mafuta. Sijawahi kumwona mtumishi wa umma akiinuka haraka vile. Kesho yake alifika Kansay juu ya trekta la watu, na keekee ndefu ya kutobolea ardhi begani.

Kijiji kilijaa kumtazama. Mama alibaki ng'ambo ya tawi lake, kasimama na kitenge kimefungwa kichwani. Eliamani alinusa maji ya kisima, akayaonja, akayatema, akazungumza kama taarifa ya habari.

"Ndugu wananchi, haya siyo mafuta ya ardhini. Haya ni mafuta ya taa ya dukani."

Yohani alivaa kofia yake tena.

"Yametokea wapi, ndiyo kazi yetu ya leo," aliendelea Eliamani. "Maji ya mvua huzama mpaka yakutane na udongo wa mfinyanzi. Hapo hayapiti, yanateleza chini kwa chini kufuata mteremko. Mafuta ni mepesi, kwa hiyo yanakaa mgongoni kwa maji na kusafiri nayo. Kiangazi maji yakishuka, mafuta yanabaki yamegandamana na udongo. Masika maji yanapanda, yanayabeba tena kipande kingine cha safari."

"Kwa hiyo yanatembea," alisema Tluway.

"Yanatembea, mzee."

"Yakichoka yanapumzika, mvua ikija yanaendelea."

"Ee… unaweza kusema hivyo."

"Na yanatoka juu."

"Lazima yatoke juu."

Tluway aliwageukia watu. "Ndivyo nilivyosema mimi."

Eliamani alitoboa tundu la kwanza karibu na choo chetu, kwa kuwa wataalamu huanzia hapo. Udongo ulipotoka ulipitishwa puani kwa watu wote kwa zamu. Haukuwa na mafuta ya taa. Ulikuwa na mambo yake mengine, na Piusi alijuta kuvuta pumzi kubwa. Tundu lililofuata lilikuwa juu kidogo ya kisima. Harufu ilikuwepo, lakini hafifu na iliyochakaa, ya tambi ya taa iliyozimwa tangu jana. Eliamani alisema ni sawa: njiani yale mepesi huponyoka, na mengine huliwa na vijidudu vya udongoni, polepole sana.

"Kuna vijidudu vinavyokula mafuta ya taa?" aliuliza Yohani.

"Vipo."

"Na sisi tunahangaika na mahindi," alisema Yohani.

Wakapanda. Kila tundu lilinuka kuliko lililotangulia. Watu waliacha mizaha. Walikuwa wakitazama vile vitundu vinavyopanda shamba kwa mstari mmoja, kisha wakitazama vinakoelekea. Tundu lililokuwa hatua chache chini ya kaburi lilichoma pua. Mama mmoja alirudi nyuma akapiga ishara ya msalaba. Eliamani alilizunguka kaburi, akatoboa upande wa juu yake. Tuliunusa ule udongo mpaka tukachoka. Ulinuka udongo tu.

Kila mtu akautazama msalaba wa mbao za kreti.

"Kitaalamu," alisema Eliamani, akifunga keekee yake kwa kamba, "kazi yangu imefika mwisho." Alikuwa Mlutheri, na alianza kurudi nyuma kidogo kidogo.

Wakati huo huo pikapu ya Melkizedek ikapanda kilima ikiunguruma, nyuma imejaa mifuko ya saruji, Leonida kaketi mbele. Shemeji aliona umati. Aliona mstari wa vitundu. Aliteremka kabla gari halijasimama vizuri.

"Msiguse! Ni kaburi hilo! Mna imani gani ninyi?"

Yohani alisema lazima tupate kibali cha wilaya. Piusi alisema lazima tupate kibali cha padre. Tluway alisema yeye hahitaji kibali ila hawezi kushika jembe, ana mgongo. Wote walitaka kaburi lifunguliwe na hakuna aliyetaka kulifungua. Ndipo mama alipoita kutoka ng'ambo ya tawi, na sauti yake ilikuwa ndogo mpaka ilibidi watu wanyamaze.

"Kama ni yeye anayeteseka, mfungueni. Cresensia, chimba wewe. Nenda taratibu, mwanangu. Usimwumize."

Nilishika jembe. Niliogopa, sikatai, nilikuwa najiandaa kuona fuvu lililopasuka. Udongo ulikuwa na mafuta mpaka macho yakanitoka machozi. Melkizedek alipiga magoti ukingoni.

"Shemeji, nakuomba kwa jina la Yesu, acha."

Nilisimama nikamwelekezea jembe. "Ulimuua?"

"Nani?"

"Patrisi!"

"Mimi? Sikumuua!"

"Basi alikufaje?"

"Hakufa!"

Umati ulisogea ukingoni. Tluway alishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Ulimzika mzima?"

Melkizedek alinyosha mkono kulishika jembe. Sikungoja ajibu. Niliinua jembe nikalishusha kwa nguvu zangu zote, na badala ya mfupa likalia ngwaa.

Yalikuwa mapipa mawili, yamelazwa kichwa kwa miguu. Mapipa mawili ya mafuta yakilala hivyo hutimia urefu wa mtu. Shemeji alikuwa amepima vizuri. Moja lilikuwa tupu limebonyea. La pili lilikuwa na nusu. Eliamani, ambaye ushujaa ulimrudia ghafla, aliingia shimoni akapapasa tundu ubavuni mwa lile tupu.

"Hapa palizibwa na nini?"

"Sabuni," alisema Melkizedek kwa sauti ya ndani. "Sabuni ya mche."

Wanaume walitikisa vichwa kwa kuelewa. Kila mtu Karatu aliziba pipa linalovuja kwa sabuni ya mche. Unaisugua kwenye tundu, inashika, pipa linakaa stoo miaka na miaka. Hakuna aliyewahi kufikiria nini kinatokea ukilizika pipa hilo ardhini, masika baada ya masika. Kinatokea kile kinachotokea sabuni yoyote ikilowa.

Yohani ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata Piusi, halafu wanawake, halafu hata Leonida, anacheka huku anampiga mumewe mgongoni kwa kiatu. Mtu alisema apumzike kwa amani marehemu wa lita mia nne. Mwingine akauliza kama misa zake zitarudishwa. Nilicheka na mimi, mpaka nikamwona mama.

Mama alikuwa amelivuka tawi. Alipita katikati ya watu, nao wakampisha, akaja akasimama ukingoni akatazama mapipa kwa muda mrefu.

"Na Patrisi?" aliuliza.

"Hakuna Patrisi, mama," alisema Melkizedek.

"Yuko wapi?"

"Sikuwahi kuwa na mlinzi. Waliposema watakagua maduka nilichanganyikiwa. Jina… jina lilinijia tu."

Mama aliketi juu ya kifusi. Alilia kama ambavyo sikumwona akilia hata siku ya baba, mdomo wazi, bila kujifunika. Vicheko vilikatika. Nilimchukia shemeji yangu saa ile, nilimchukia kwa moyo wangu wote, na lile jembe lilikuwa bado mkononi mwangu. Sikumpiga kwa sababu wanawake walifika kwanza. Walimzunguka mama wakamshika mikono, mabega, kichwa, hao hao waliokuwa wakimpungia kwa mbali tangu maharage yakiwa mabichi. Tluway aliteremka peke yake, mgongo wake na wote, akaliburuta lile tawi la miiba akaliondoa njiani.

Lakini hakulitupa. Alirudi nalo.

"Nilisema ni kaburi," alisema, "na lilikuwa kaburi. Nilisema uchafu umeshuka, na umeshuka. Nilikosea mtu tu." Akamtazama Melkizedek. "Lazima kuna wa kukaa."

"Mzee wangu, mimi Mchaga. Sisi kwetu hatuna hiyo."

"Maji uliyochafua ni ya kwetu."

Yohani akakumbusha kwa upole kuwa kituo cha polisi cha Karatu hakiko mbali, na ile vita ya walanguzi hakumbuki kama ilitangazwa kwisha. Shemeji alitazama barabara, akatazama tawi. Akachagua tawi.

Alikaa kwenye kibanda cha mbuzi kiangazi chote. Alichota maji ya korongoni kwa ajili ya mama na nyumba zote za mteremko wetu, akizunguka porini asikutane na mtu, dumu kichwani, Mangi wa Karatu. Leonida aliendesha duka, na wateja wanasema mizani haijawahi kuwa sahihi vile. Eliamani alichukua nusu pipa iliyobaki akisema ni lazima ikafanyiwe uchunguzi. Ilifanyiwa: aliibadilisha kwa dizeli mjini, na Landrova ikanguruma mpaka Mbulu.

Kabla hajaondoka alituambia ukweli, nampa haki yake. Mapipa tumeyatoa, alisema, ila udongo ulichokunywa hautakitapika leo. Tulikausha kisima, tukakisugua, tukamwaga. Masika yaliyofuata rangi zikarudi, kidogo. Mwaka uliofuata zikarudi tena, kidogo zaidi. Kila zinapoonekana mama hutuma neno Karatu: mwambieni mkwe wangu kimeanza. Naye huja, bila ubishi, na madumu yake.

Kaburi tulilifukia. Nilikwenda kung'oa msalaba nikaukate kuni, mama akanishika mkono.

"Ayo, mama yangu, hamna mtu mle," nilimwambia.

"Najua hamna mtu. Lakini sala nimeshazisali, Cresensia, miaka miwili. Zimekwenda mahali. Kuna Patrisi fulani zimemfikia, na sasa nikiacha atashangaa."

Hivyo aliendelea. Jioni alipanda, akapiga magoti, akasali kwa sauti ili ifike kibandani, na alimtaka mkwe wake aitikie. Siku za kwanza Melkizedek aliitikia kwa meno. Kisha mama akaugua koo, sauti ikamkauka, akashindwa kupanda. Nilikuwa nakamua ng'ombe nikasikia mtu anasali kule juu. Alikuwa shemeji, peke yake, kavua kofia mbele ya kaburi alilolichimba mwenyewe. Alipofika kwenye jina alisita. Akalitaja, akanyamaza kidogo kana kwamba anasubiri mtu aitikie, kisha akaendelea mpaka mwisho.